Kisima cha Kisiwani Hakitekwi kwa Pupa

Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hiyo kwa kawaida huelekezwa kwa mtu anayejitosa katika jambo asilolijua undani wake, nasi tumeitumia mara nyingi kuwaonya wengine. Leo tunaitumia kwa maana yake ya asili, yaani maji yenyewe, na hapana budi tuanze kwa kujionya sisi wenyewe.

Hivi karibuni tulifuatana na wanafunzi kumi na wawili wa chuo kimoja, pamoja na mkufunzi wao, katika safari ya siku moja ya kupima maji ya ardhini katika kisiwa kidogo cha wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi. Jina la kisiwa hatulitaji. Wenyeji walitueleza mambo yao kwa uwazi, wala hawakutuita ili tuje kuyatangaza. Isitoshe, tuliyoyaona huko yanavihusu visiwa vingi vidogo vya mwambao wetu, na kila msomaji wa pwani atakitambua kisiwa chake humu.

Tuliondoka Kilwa Masoko saa kumi na mbili asubuhi. Mwezi ulikuwa umeandama siku mbili kabla, yaani tulikuwa katika bamvua. Siku hiyo haikuchaguliwa kwa bahati tu. Mkufunzi aliwakumbusha vijana wake ndani ya mashua kwamba wakati wa bamvua bahari ya pwani hii hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na kwamba anayetaka kujua iwapo bahari inakisukuma kisima, basi akitazame kisima hicho siku ambayo bahari inasukuma kwa nguvu zake zote.

Kilwa Kisiwani ilipita ubavuni mwetu na magofu yake. Ibn Battuta aliufikia mji ule mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye jumba lake la Husuni Kubwa, lililo juu ya mwinuko unaotazama bahari, lina birika la pembe nane linalosifiwa na kila mgeni. Watu husifu matao, husifu kuba za Msikiti Mkuu, kisha hupanda chombo wakarudi. Ni wachache wanaouliza maji ya kulijaza birika lile, na ya kuwatilisha udhu waumini wa msikiti ule, yalitoka wapi katika kisiwa kisicho na mto. Mwanafunzi mmoja aliuliza, na nahodha ndiye aliyemjibu: "Visimani, mwanangu. Kisiwa hakina mto, kina kisima."

Ni jibu sahihi, lakini linazaa swali jingine. Kisiwa kimezungukwa na chumvi pande zote. Je, kisima chake kinapataje maji matamu?

Mkufunzi aliwaeleza wanafunzi, nasi tunaeleza hapa kadiri tulivyofahamu. Mvua inyeshayo juu ya ardhi ya matumbawe na mchanga haitengenezi mto, bali huzama. Huko chini huikuta bahari imetangulia, kwa kuwa mwamba wa matumbawe una matundu na nyufa, na maji ya chumvi huupenya. Lakini maji ya mvua ni mepesi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na kwa sababu hiyo huyazidi maji baridi kwa uzito wa sehemu 1 katika 40. Basi maji ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi, mfano wa dau lenye shehena: sehemu ndogo huonekana juu, na sehemu kubwa imezama. Kwa kila sentimita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kanuni inasema zipo takriban sentimita 40 chini ya usawa huo.

Kanuni hiyo iliandikwa na Badon Ghijben, mhandisi wa jeshi la Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1880, na tena na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, aliyekuwa akishughulikia maji ya miji ya mapumziko ya Bahari ya Kaskazini. Tunataja hayo ili isidhaniwe kwamba shida ya maji ya kisiwani ni shida ya umaskini peke yake. Ni tabia ya maji yenyewe, na iliwasumbua hata matajiri wa Ulaya.

Sasa msomaji na ageuze hesabu hiyo kichwa chini, kwa maana hapo ndipo hatari ilipo. Ukiteka hadi uso wa maji ukashuka kwa sentimita 10 na kubaki hapo, bahari iliyo chini yake hatimaye itapanda kwa mita 4. Ukitia mashine yenye nguvu katika kisima kimoja, chumvi hunyanyuka chini ya kisima hicho kama kichuguu. Mkufunzi alionya pia kwamba hesabu hiyo ni ya kitabuni. Katika mwamba wetu wenye mapango, maji matamu na ya chumvi huchanganyika, na akiba iliyopo huwa ndogo kuliko inavyohesabiwa.

Tulitia nanga mapema, bahari ikiendelea kupwa. Baada ya kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kupata ruhusa, wanafunzi waligawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza lilikuwa na darubini ya kusawazisha na fimbo yenye alama, ili kujua mdomo wa kila kisima uko juu ya bahari kwa kiasi gani. Kundi la pili lilikuwa na utepe wenye kichwa cha chuma kinacholia kikigusa maji, nalo lilipaswa kupima kila baada ya nusu saa mpaka jioni. Kundi la tatu lilichukua chombo cha kupima jinsi umeme unavyopita katika maji, kwa kuwa chumvi ikizidi umeme hupita kwa wepesi zaidi. Kundi hilo ndilo lililozunguka pia nyumba kwa nyumba kuuliza habari za maji na kupima umbali kati ya vyoo na visima, maana mwamba unaopitisha mvua kwa haraka hupitisha na uchafu kwa haraka hiyo hiyo.

Visima vilivyopimwa siku nzima vilikuwa vitatu. Katika chombo kile maji ya mvua husoma chini ya 100, na maji ya bahari 50,000 hivi. Yakipita 1,500 ulimi huanza kulalamika. Kisima cha kwanza, kilicho katikati ya kisiwa penye minazi, kilisoma 900. Cha pili, kilicho jirani na msikiti, kilisoma 2,400. Cha tatu, hatua mia moja na hamsini kutoka ufukweni, kilisoma 7,800, nacho hutumiwa kwa kufua na kuoshea vyombo vya uvuvi. Bahari ilikupwa kabisa saa nne, ikajaa saa kumi na nusu. Kisima cha ufukweni kiliifuata kwa kuchelewa kiasi cha saa moja, kikapanda kwa zaidi ya shubiri. Kile cha minazini kilitikisika kwa upana wa kidole tu. Mwanafunzi mmoja alisema kwa sauti ndogo, kana kwamba anaogopa kusikika, "Kumbe kisiwa kinapumua."

Pale msikitini tulikumbuka masomo yetu ya utotoni. Sisi tuliokaa chuoni juu ya mkeka tunajua kwamba mlango wa kwanza wa fikihi ni mlango wa maji, kabla ya sala na kabla ya saumu, na tulifundishwa kwamba maji ya bahari yanatoharisha. Wazee wa kisiwa wamelitumia fundisho hilo kwa hekima: udhu hutiwa kwa maji ya chumvichumvi, na matamu huachwa kwa kunywa na kupikia. Hakuna mtaalamu aliyewaagiza kufanya hivyo.

Lakini mwalimu mkubwa wa siku ile tulimkuta kisima cha minazini. Alikuwa bibi wa makamo ya mwisho, anateka kwa kata iliyofungwa kwenye ufito, na ndoo kubwa ipo pembeni yake. Vijana walimwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kupima tena?"

Neno hilo "tena" lilituchoma, lakini tutalirudia. Msichana mmoja alimuuliza kwa nini hashushi ile ndoo kubwa akamaliza kazi mara moja.

"Kisima hiki hakitekwi kwa pupa, mwanangu," alijibu. "Maji ya juu ndiyo ya mvua. Ukikikomba leo, kesho kinakupa bahari. Alfajiri tunateka ya kunywa, mchana tunakiacha kilale."

Mkufunzi aliacha alichokuwa akifanya akayaandika maneno hayo. Baadaye aliwaambia wanafunzi kwamba kuteka maji ya juu, kidogo kidogo, na kukipa kisima muda wa kupumzika, ndivyo hasa vitabu vya fani yao vinavyoshauri kwa visiwa.

Hapa ndipo tunapolazimika kusema habari zetu. Miaka ishirini hivi iliyopita tulikuwa tukiwaongoza vijana wa chama katika kata moja ya pwani, mbali na kisiwa hiki. Tulihamasisha kazi ya kujitolea ya kuchimba kisima cha kijiji. Vijana walichimba kwa moyo, na maji matamu yakapatikana. Wazee wakasema, basi, hapa panatosha. Sisi tukasema, mita 2 zaidi. Tuliamini kwamba kina kirefu ni maji mengi. Na kusema kweli, mgeni rasmi alikuwa anakuja kuzindua, nasi tulitaka kisima kionekane. Mzee mmoja alijaribu kutuzuia mbele ya watu, tukamjibu kwamba fikra za namna yake ndizo zinazochelewesha maendeleo. Mashine ikafungwa, ngoma zikapigwa. Kabla ya mwaka kwisha sabuni ilikataa kutoa povu, maharage yakakataa kuiva, na akina mama wakarudia njia yao ya zamani, ndefu kuliko mwanzo, kwa kuwa kisima kidogo cha jirani nacho kilikuwa kimeingia chumvi. Mzee yule amekwisha kufariki bila ya sisi kumwomba radhi. Jiwe la uzinduzi bado lipo.

Tungependa kusema kwamba hatukujua. Lakini aliyejua alikuwepo, na alisema.

Saa tisa alasiri wanakijiji walikusanyika chini ya mwembe kusikia matokeo. Msemaji wa wanafunzi, msichana wa mwaka wa tatu, alianza kwa istilahi za darasani, mzee mmoja akamkatiza kwa upole: "Mwanangu, tuambie kwa Kiswahili chetu." Msichana alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia nahodha wetu. "Baba, dau likiwa na shehena, mkuku wake uko chini. Ukipakua shehena, mkuku unakwenda wapi?"

"Unapanda."

"Basi maji matamu ndiyo dau, na bahari iko chini ya mkuku. Kila ndoo tunayoteka ni shehena tunayopakua. Mvua ndiyo inayopakia."

Mkutano mzima ulielewa. Lakini kuelewa si kukubali. Kijana mmoja mvuvi alisimama akasema kwamba kijiji kimekwisha kuchangishana fedha za mashine ya kuvuta maji, na kwamba mashine ilikusudiwa kisima kile kile cha minazini. "Mama zetu wataendelea kuteka kwa kata mpaka lini?" aliuliza. "Ninyi mnakotoka mnafungua bomba. Sisi mnatuambia tukiache kisima kilale."

Palikuwa kimya. Swali lile lilikuwa la haki, na tunalisema hilo bila ya kusita. Adabu ya kisima isigeuzwe kuwa hoja ya kuwaacha wanawake na mzigo kichwani milele. Mkufunzi hakumkemea. Alijibu kwamba mashine si haramu, ila mashine kubwa moja katika kisima bora kimoja ndiyo njia ya haraka ya kukipoteza. Heri mashine ndogo, zinazovuta polepole maji ya juu kutoka visima kadhaa vilivyotawanyika, kwa saa zilizopangwa, na zisimamishwe namba ya chumvi inapoanza kupanda. Kisha akaelekeza kidole kwenye mabati ya shule. Pwani hii hupata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka. Paa la meta za mraba 50 tu laweza kuvuna, ukitoa yanayopotea, lita 40,000. Paa la shule ni kubwa kuliko hilo mara kadhaa, na siku ile halikuwa na hata mfereji mmoja wa kukinga maji.

Ndipo mwenyekiti akauliza swali ambalo bibi wa kisimani alikuwa amekwisha kulidokeza. "Namba hizi zitalala wapi? Wamekuja wengi kabla yenu. Wanapima, wanatushukuru, wanaondoka. Hatujapata kuona hata karatasi moja ikirudi."

Mkufunzi alikiri kwamba neno hilo ni kweli, si kwa chuo chake tu. Kabla ya kuondoka, wanafunzi walinakili vipimo vyote katika daftari la shule, wakachora ramani ya visima na vyoo, na kuviacha kwa mwenyekiti. Waliacha pia kamba yenye mafundo, ili mwalimu wa shule ya msingi na wanafunzi wake wapime kina cha maji kila bamvua na kila maji mafu. Lakini chombo cha kupimia chumvi kiliondoka nasi, kwa kuwa ni mali ya chuo. Suala la mashine liliahirishwa mpaka baada ya mvua. Yule kijana mvuvi hakuridhika, wala hatumlaumu.

Ndugu msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya kijiji kimoja. Historia inasema vingine. Huko Manda, katika visiwa vya Lamu, upo mji wa Takwa uliostawi katika karne ya 16 na ya 17, ukawa na msikiti na ukuta, kisha ukahamwa. Wengi wa waliouchunguza wanaona kwamba maji ya visima vyake kuingia chumvi yalikuwa miongoni mwa sababu. Watu wake walivuka wakakaa Shela, na wazawa wao bado huenda Takwa kuomba mvua penye kaburi la nguzo. Mji uliohamwa hauhitaji vita, chumvi yatosha.

Nchi yetu imekwisha kuweka nia mara nyingi. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa miaka ishirini wa kumpatia kila mwananchi wa kijijini maji safi katika umbali usiozidi mita 400 ifikapo mwaka 1991. Lengo lilikuwa tukufu na halikufikiwa, na mojawapo ya mafunzo yake ni kwamba mabomba na mashine vilihesabiwa kwa bidii kuliko uwezo wa wanakijiji kuvitunza. Leo ipo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, zipo bodi za mabonde, na ipo sheria ya huduma za maji ya mwaka 2019 iliyounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini na kuvitambua vyombo vya watumia maji vya jamii. Hatuna upungufu wa sheria.

Tunachokiomba ni kidogo na kinawezekana. Kwanza, mashine yoyote isifungwe katika kisima cha kisiwa kabla maji yake hayajapimwa wakati wa kiangazi na wakati wa mvua. Pili, kila anayepima, awe mwanafunzi, mtaalamu au mfadhili, aache nakala ya vipimo kijijini, kwa lugha wanayoisoma wenye kisima. Tatu, chombo cha kupimia chumvi, ambacho hutosha mfukoni, kiwe mali ya kamati ya maji ya kila kisiwa. Nne, wanawake wanaoteka maji wawe na sauti ya kuamua ndani ya kamati hizo, wala wasiwekwe ili kutimiza idadi. Tano, paa la kila jengo la umma visiwani livune mvua kabla hatujakiomba kisima zaidi ya uwezo wake.

Wanafunzi wale watakuwa wahandisi na maofisa kesho. Ikiwa watakumbuka jambo moja katika safari yao, basi liwe neno la bibi yule wa kisimani, si kwa sababu ni la mzee, bali kwa sababu utepe na namba zao vililithibitisha. Nasi viongozi tunaopenda kuzindua, tujifunze kuuliza kabla ya kuagiza. Maji yakimwagika hayazoleki, na kisima kilichoingia chumvi hakirudishwi kwa hotuba. Tunajua, kwa kuwa tunacho kimoja kinachobeba jina letu.